Miji Mikongwe Kando ya Dar es Salaam

Mgeni atokaye bara akifika Dar es Salaam huonyeshwa bandari, na soko la Kariakoo, na makanisa mawili ya zamani yaliyo mbele ya bandari. Hata siku ya mapumziko wenyeji wake humchukua Msasani, au Kunduchi, au humvusha mpaka Kigamboni, apunge upepo wa bahari; naye akirudi kwao husimulia kwamba alitembezwa katika vitongoji vya mji. Hakusema uongo, kwani ndivyo ilivyopangwa mitaa na wilaya, Kinondoni upande wa kaskazini na Temeke upande wa kusini, ambako Kigamboni nayo ilihesabiwa hata ilipotengwa kuwa wilaya ya peke yake. Walakini kwa habari za kale maneno hayo yamesimama kichwa chini miguu juu. Dar es Salaam ilianza kujengwa katika miaka ya 1860, na bado haijatimiza miaka mia mbili. Vile viitwavyo vitongoji vyake vilikuwa miji, yenye misikiti ya mawe na majumbe na vyombo vya baharini, wakati penye maduka makubwa ya leo palipokuwa pori na makonde ya mtama. Mjukuu amewageuza babu zake kuwa watoto wake.

Habari za pwani yetu zikiandikwa vitabuni, husifiwa Kilwa na Mombasa, na Lamu, na Unguja. Ni haki. Kilwa ilifikiwa na msafiri Ibn Battuta mwaka wa 1331, akaisifu. Wareno wakaja kuiteka mwaka wa 1505. Na magofu yake yajulikana dunia nzima. Lakini mtu akiondoka Bagamoyo kwenda kusini kwa ngalawa, akifuata ufuko, hupita miji mingine mingi isiyo na mwenye kuisifu: Kaole, Mbweni (si ile Mbweni ya Unguja, wasomaji wasichanganye), Kunduchi, Msasani, kisha baada ya mlango wa bandari Mbuamaji, na mbele yake Kimbiji. Nchi hiyo yote iliyokabili Unguja wazee waliiita Mrima. Miji ya Mrima haikuwa na sultani mkubwa wa kupigisha fedha zake kama Kilwa. Ilikuwa na jumbe na madiwani, na kila mji ulijitawala wenyewe kwa mashauri barazani, na kwa ugomvi pia.

Tusidhani kwamba watu wa kwanza wa pwani hii walishuka kutoka majahazini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, wamechimba katika sehemu hizi kwa miaka mingi, wakafukua vigae vya vyungu na mavi ya chuma ya watu waliolima na kufua chuma hapa katika karne za kwanza baada ya kuzaliwa Kristo. Wakati huohuo mtaalamu Ptolemy wa Alexandria, mji ulio kwenye bahari ya Mediteranea, alikuwa akiandika habari za mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Rhapta wataalamu wanaitafuta mpaka leo, na wengine huielekeza upande wa Rufiji. Mimi naona si lazima ionekane ndipo tuamini kwamba watu walikuwako. Chungu kilichovunjika chatosha kuwa shahidi.

Sasa tuiangalie Kaole. Ipo yapata kilomita tano kusini mwa Bagamoyo, nayo ina magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13 kama wataalamu wakadiriavyo, na makaburi ya mawe zaidi ya ishirini. Neville Chittick alipachimba mwaka wa 1958. Ukisimama msikitini hapo ukatazama upande wa bahari, huoni bahari, waona mikoko. Hilo ndilo lililoua mji. Udongo uliletwa na maji, mikoko ikaota juu yake, ikazuia udongo mwingine usitoke, na mwaka kwa mwaka ufuko ukasogea mbali, hata majahazi yakakosa njia. Watu wa Kaole hawakufukuzwa na adui. Walihamwa na bahari.

Jambo hili si la kwetu tu. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakumbuka kwamba Paulo alishuka Mileto, akatuma watu Efeso kuwaita wazee wa kanisa. Siku hizo miji hiyo miwili ilikuwa na bandari, na merikebu za Mediteranea zilitia nanga humo. Leo msafiri aendaye Uturuki huikuta Efeso ikiwa gofu katikati ya nchi kavu, kilomita kadhaa kutoka baharini, na Mileto vivyo hivyo, kwa sababu mito iliijaza bandari zake matope. Watu hutoka nchi za mbali na kulipa fedha nyingi waione Efeso. Kaole ni ndugu yake kwa msiba, ingawa mdogo sana kwake kwa ukubwa. Lakini wako watu waliozaliwa Dar es Salaam, wakazeekea hapo, wasiofika Kaole hata mara moja.

Hata baada ya bandari kuharibika, jina la Kaole halikufa. Burton na Speke walipokwenda kutafuta maziwa makuu mwaka wa 1857, hapo Kaole ndipo waliposhuka na kupanga msafara wao. Bagamoyo ilikuwa ikiinuka jirani, na baadaye ikachukua biashara yote.

Kunduchi ni habari nyingine. Ipo kama kilomita ishirini kaskazini mwa bandari ya Dar es Salaam. Wavuvi wake wangali wavuvi, na maji ya chumvi bado huanikwa juani katika mashamba ya chumvi. Nyuma ya kijiji, chini ya mibuyu, pana gofu la msikiti wa karne ya 15 au ya 16, na karibu yake makaburi mengi, hasa ya karne ya 18. Makaburi yale si matuta ya udongo. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yamezungushiwa kuta fupi zilizochongwa nakshi, na juu ya mengine imesimamishwa nguzo ndefu. Kaburi la nguzo ni ufundi wa pwani yetu, toka Somalia mpaka Tanzania. Katika nchi nyingine za Waislamu halipatikani kwa mtindo huu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kila kilicho cha mawe kililetwa na wageni.

Chokaa yenyewe ilikuwa kazi kubwa. Matumbawe huchimbwa, yakapangwa juu ya rundo kubwa la magogo, yakachomwa siku kadhaa. Majivu yake meupe huachwa yapoe na kukomaa kabla fundi hajayatumia. Mji uliojenga hivi ulikuwa na watu wa kukata miti, na mafundi wa kuchonga, na mali ya kuwalipa wote. Si kambi ya watu waliopita njia.

Ndani ya nguzo za Kunduchi wajenzi walipachika mabakuli na sahani za kauri zilizotoka China. Sahani hizo zilisafiri kwa merikebu hata India au Arabuni, zikaletwa huku na pepo za kaskazi, zikabadilishwa kwa pembe na mali nyingine, na mwisho zikapachikwa kaburini ziling'arishe jua juu ya marehemu. Mwaka wa 1955 Sir Mortimer Wheeler, bingwa Mwingereza wa kuchimbua mambo ya kale, alipita pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabu akasema kwamba maishani mwake hajapata kuona vigae vya China vingi namna ile katika muda wa majuma mawili. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuchimba Uingereza na India.

Waliozikwa humo walikuwa nani? Katika miji hii ya Mrima wakubwa wengi walikuwa Washomvi. Masimulizi yao husema kwamba wazee wao walitoka Barawa, katika pwani ya Somalia, wakaja na pepo za kaskazi, wakakaa kati ya wenyeji na kuoana nao. Husimulia tena kwamba Wakamba waliwajia kwa vita, nao Washomvi wakamwomba msaada Pazi, mwindaji hodari wa bara, naye akawashinda Wakamba. Tangu hapo, kwa masimulizi hayo, Washomvi walimpa Pazi na Wazaramo wake ada ya nguo kila mwaka. Sitaki kubishana kama kila neno lilitendeka hivyo. Ninachokiona ni kwamba watu wa mji wa mawe na watu wa mashamba walihitajiana, na mapatano yao yalitunzwa kwa hadithi iliyopendwa pande zote mbili. Mwislamu wa Kunduchi na Mzaramo wa Pugu hawakuwa wageni wao kwa wao.

Mali yao kubwa katika karne ya 19 ilikuwa kitu ambacho vijana wa leo hawakijui hata kwa jina, nacho ni sandarusi. Ni utomvu wa miti iliyokufa zamani sana, ukazama mchangani na kuwa mgumu kama jiwe, rangi yake kama asali. Wazaramo waliuchimba kwa majembe baada ya mvua, maana ardhi ikiwa laini kazi ni nyepesi. Wakauteremsha pwani kwa vikapu, wakawauzia wafanya biashara wa Kihindi, nao wakaupeleka Unguja. Toka Unguja merikebu za Marekani ziliuchukua mpaka Salem, mji wa Massachusetts, ukasafishwa na kuyeyushwa kuwa rangi ya kung'arishia mbao za magari na meza. Merikebu hizo hizo zilileta nguo nyeupe nzito ambayo mpaka leo twaiita merikani. Mkataba wa Wamarekani na Sayidi Said ulifanywa mwaka wa 1833. Basi tajiri wa Salem aliyekaa mbele ya meza inayong'aa alikuwa ameutazama mchanga wa Uzaramo bila kujua.

Mbuamaji, upande wa kusini wa mlango wa bandari, ilishiriki biashara hiyo, na misafara ya bara ilianza na kuishia hapo. Ilikuwa na msikiti wa mawe na makaburi yake, na hadi leo mabaki yapo karibu na Gezaulole. Burton aliitaja Mbuamaji miongoni mwa miji ya Mrima wakati Dar es Salaam haijapata jina. Pale Dar es Salaam palikuwapo kijiji tu, Mzizima, ufukoni karibu na ilipo sasa Hospitali ya Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wadachi mwaka wa 1897.

Hapa msomaji atauliza swali la haki. Bandari ya Dar es Salaam ni njema kuliko zote za karibu, ina kina kirefu na imefungwa na nchi pande zote. Kwa nini basi wazee wakajenga Kaole na Kunduchi na Mbuamaji, mahali pasipo na bandari, wakaiacha hii? Je, hawakuiona?

Waliiona sana. Lakini chombo chao kilikuwa jahazi na dau na mtepe. Jahazi halitaki kina kirefu. Lataka ufuko wa mchanga na maji kupwa na kujaa. Maji yakijaa huingia, yakipwa hulala mchangani, na mahamali hushusha shehena begani bila gati. Tena mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba na umepinda, na chombo cha tanga kikikutana humo na upepo wa mbele hakiwezi kuingia wala kutoka. Kwa hiyo bandari iliyo njema kwa meli ilikuwa mtego kwa jahazi. Wazee walichagua vema kwa vyombo walivyokuwa navyo. Wengi huwasifu Waarabu au Wazungu kwamba walivumbua bandari. Ukweli ni kwamba walikuja na chombo cha namna nyingine.

Mtu wa kwanza kuona faida hiyo alikuwa Sayidi Majid wa Unguja. Katika miaka ya 1860 alipatana na wakubwa wa hapo, akaanza kujenga jumba na nyumba za mawe kando ya bandari, akipenda kuwa na mji wake mwenyewe mbali na makonseli wa Unguja waliomshauri asubuhi na jioni. Akauita Dar es Salaam. Mwaka wa 1867 aliwaalika makonseli hao hao kwenye karamu. Mwaka wa 1870 akafariki, na ndugu yake Sayidi Barghash hakutaka habari za mji huo. Nyumba zikaanza kuanguka, nyasi zikaota madirishani. Mwaka wa 1877 Mwingereza William Mackinnon alianza barabara toka hapo kwenda ziwa Nyasa, nayo ikaachwa mwaka wa 1881 porini. Mtu wa Kunduchi wa siku zile angalikuwa na haki ya kucheka.

Haifai kusimulia miji hii kana kwamba ilikuwa na chumvi na sandarusi tu. Watumwa nao walipita humo. Mwaka wa 1873 Barghash alifunga masoko ya watumwa na kukataza wasichukuliwe baharini. Basi wafanya biashara wakawapitisha kwa miguu, toka Kilwa kwenda kaskazini, kwa njia ile ile ya ufuko iliyounganisha miji ya Mrima. Frederic Elton, afisa wa Kiingereza, alisafiri toka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa mwaka huo huo, akakutana na misafara ya watu wenye minyororo, maelfu kwa jumla. Mwaka wa 1876 misafara ya nchi kavu ilikatazwa pia. Wako wazee wa Mrima waliofaidika na biashara hii, na wako wengi wa pwani na bara ambao babu zao walifungwa katika misafara hiyo. Mawe ya makaburi hayasemi habari hii, na kwa sababu hiyo mwalimu hana budi kuisema.

Wadachi walipoishika pwani mwaka wa 1888, watu wa Mrima waliondoka kupigana, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao mkubwa. Mnamo Januari 1889 Dar es Salaam ilishambuliwa, na misheni ya Pugu ikachomwa moto na wamisionari wakauawa. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka wa 1891 Wadachi walihamisha makao makuu ya serikali toka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, kwa kuwa meli zao ziliweza kutia nanga bandarini. Reli ilianzwa mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, na Kigoma mwaka wa 1914. Tangu siku hiyo pembe na pamba na abiria wote wa bara walimiminwa mahali pamoja. Hakuna aliyekuja kuteka Kunduchi wala Mbuamaji. Mizigo haikuja tena, ndiyo yote. Kijana mwenye nguvu akaenda mjini kutafuta kazi ya bandari, na mzee akabaki na mtumbwi wake.

Kisha mji ukaanza kuwarudia. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 ilikuta Dar es Salaam watu 272,821. Ile ya mwaka wa 2022 ilikuta mkoani watu 5,383,728. Kilima cha Wazo, nyuma ya Kunduchi, kilianza kuchimbwa kwa saruji, na kiwanda kikafunguliwa mwaka wa 1966. Hoteli zikapangwa ufukoni. Mchanga wa mito ya karibu ukachotwa kwa malori ya wajenzi, na bahari ikala ufuko kwa kukosa mchanga wa kurudishia. Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo ni kusema "jaribu uone", ikafanywa kijiji cha ujamaa katika miaka ya 1970, mlangoni mwa Mbuamaji ya kale. Na tangu mwaka wa 2016 daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, limefungua upande ule kwa magari, na viwanja vinauzwa mpaka mbali.

Makaburi ya Kunduchi yangalipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964 yalinda vitu vya kabla ya mwaka wa 1863, na mahali pale pamewekwa chini ya serikali. Lakini nyumba zimesogea karibu, na mizizi ya miti huingia katika chokaa bila kuogopa sheria. Mabakuli mengi ya China yameng'olewa. Machache yaliokolewa, yakahifadhiwa katika Makumbusho ya mjini, yale yaliyofunguliwa mwaka wa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Atakaye kuyaona yote pamoja inambidi atoke Makumbusho na kupanda gari la Tegeta, ashuke Kunduchi, aulize njia ya magofu. Hapo atakuta nguzo, na katika nguzo matundu ya mviringo, kila tundu upana wa bakuli moja.